Mapafu "yamesafika" lakini pumzi haitoshi: sarkoidosi na misuli ya kupumulia

"Daktari shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Tanga. Mwaka juzi nilianza kikohozi kikavu na kukonda, nikapewa dawa za TB miezi sita ingawa makohozi hayakuonyesha kitu, sikupata nafuu. Baadae hospitali kubwa waliingiza kamera kwenye mapafu wakakata kinyama, wakasema ni sarkoidosi, steji 2. Nikaanzishwa prednisoloni 30 kwa siku, sasa nina miezi mitano. Kikohozi kimeisha, picha ya kifua imesafika, kupuliza mashine wanasema iko karibu na kawaida, oksijeni ya kidoleni 97. Lakini ngazi za ghorofa moja tu nahema kama nimekimbia, nikianika nguo lazima nishushe mikono nipumzike, nikilala chali kifua kinabana, natumia mito mitatu. Naambiwa mapafu yako safi, ni wasiwasi na unene (nimeongezeka kilo 11). Je ugonjwa umerudi? Niache hizi dawa? Kuna kidude cha mazoezi ya pumzi nimekiona kinauzwa mtandaoni, kinasaidia? Na Ramadhani inakuja, naweza kufunga?"

Marahaba dada, na pole sana. Nianze na kile naona kinakuumiza zaidi hata kuliko hiyo pumzi: umeambiwa mapafu yako safi, na wewe unajua kabisa huwezi kuanika shuka mbili bila kupumzika, sasa umebaki unajiuliza labda kweli ni wasiwasi tu. Kwa maelezo yako siamini ni wasiwasi tu. Vipimo vyako vinasema kweli na mwili wako nao unasema kweli, shida ni kwamba vile vipimo vimeulizwa swali moja, mapafu yakoje, na hakuna aliyeuliza misuli inayoyavuta hayo mapafu ina hali gani.

Manake mapafu hayana nguvu ya kujivuta yenyewe. Ni kama mvukuto wa mhunzi, ngozi inaweza kuwa nzima haina hata tundu moja lakini mkono unaovuta ukilegea moto hauwaki. Kwa binadamu kazi hiyo ni ya kiwambo, ule msuli mpana uliotandazwa chini ya mbavu kati ya kifua na tumbo, wengine mmezoea kusikia diaframu, kikisaidiwa na misuli midogo iliyo katikati ya mbavu. Ukiwa umekaa umetulia, kiwambo peke yake kinafanya kama asilimia 70 ya kazi ya kuvuta hewa ndani. Ukipanda ngazi, misuli ya shingo na mabega nayo inaitwa isaidie. Sasa angalia kuanika nguo: mikono iko juu, misuli ile ile ya mabega na kifua inashikilia mikono na inatakiwa isaidie kupumua, na kama kiwambo kimechoka haiwezi kufanya yote mawili, ndo maana unashusha mikono. Kulala chali ni hadithi hiyo hiyo, vilivyomo tumboni vinapanda vinasukuma kiwambo kuelekea kifuani, chenye nguvu kinavirudisha chini hata hujui, dhaifu kinashindwa na wewe unaongeza mto wa tatu. Wengine huhisi hivyo hivyo wakiinama kufunga viatu au wakiingia baharini maji yakafika kifuani. Na ndio, kilo 11 zinaongeza mzigo hapo, kwenye hilo hawajakudanganya, ila kilo zenyewe zimeletwa kwa sehemu kubwa na dawa na tutalifikia hilo.

Kabla sijaenda mbali niondoe mambo machache. Sarkoidosi, yaani ugonjwa wa chembe za kinga kujikusanya vivimbe vidogo mwilini, sio kansa na haiambukizi, watoto na mzee nyumbani hawapati kwako. Steji 2 usiisome kama steji za kansa, ni mpangilio wa picha ya kifua tu, wa daktari mmoja Mwingereza, Scadding, mwaka 1961, kuanzia 0 mpaka 4, unaeleza kinachoonekana kwenye filamu: tezi, madoa, makovu. Kuna mtu picha yake inatisha na anatembea kilomita tatu, kuna mwingine picha safi kabisa na anahema mlangoni kwake. Oksijeni ya kidoleni 97 inasema hewa iliyoingia imefika kwenye damu, haisemi umetoka jasho kiasi gani kuiingiza, wala haioni kabisa ile kaboni dayoksaidi inayotakiwa kutoka. Na kupuliza mashine ukiwa umekaa kuna udhaifu wake, misuli ina akiba kubwa, inaweza kupoteza nguvu nyingi tu kabla ile namba ya FVC kwenye karatasi yako, yaani hewa yote unayoweza kuipuliza kwa pumzi moja, haijaanza kushuka. Tafiti za kwenye sarkoidosi zimeonyesha mara kadhaa kwamba kuhema kwa mgonjwa kunaendana na nguvu ya misuli ya kupumulia kuliko kunavyoendana na hizo namba za mapafu.

Sasa kwa nini misuli idhoofike. Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kazi.

Mshukiwa wa kwanza, na nakwambia wazi ndiye ninayemtilia shaka zaidi kwako, ni prednisoloni yenyewe. Miligramu 30 kwa miezi mitano bila kushushwa ni muda mrefu. Kawaida sarkoidosi ya mapafu tunaanza kati ya 20 na 40, ndani ya mwezi hadi mitatu tunaangalia imeitikia vipi, ikiitikia tunashusha taratibu kuelekea 10 au hata chini ya hapo. Steroidi, kundi la dawa ambalo prednisoloni imo, zikikaa mwilini kwa dozi kubwa zinavunja protini ya misuli, zinakula zaidi zile nyuzi za nguvu ya haraka, zinaanzia nyongani na mapajani afu mabegani, na kiwambo nacho hakipewi msamaha. Na haiumi, hiyo ndo inawapoteza watu, haiumi na kile kipimo cha damu cha misuli kinachoitwa CK kinarudi kawaida kabisa, mtu anaona tu kunyanyuka kwenye kigoda cha jikoni kumekuwa shughuli. Jaribu leo: kaa kwenye kiti cha kawaida, kunja mikono kifuani, simama bila kujishika. Ukishindwa, au ukajikuta unajirusha mbele ndo unyanyuke, mwambie daktari wako kwa maneno hayo hayo usiseme tu "nachoka".

Mshukiwa wa pili ni sarkoidosi imeingia kwenye misuli. Ugonjwa wenyewe ni vivimbe vidogo sana vya chembe za kinga, granuloma, na vinaota popote. Wagonjwa wakikatwa kinyama cha msuli, hata wasio na dalili yoyote, zaidi ya nusu vinakutwa humo, lakini wanaodhoofika kweli kwa sababu hiyo ni wachache sana. Wengine wanakuwa na vinundu unavyovipapasa kwenye msuli wa mkono au paja, wengine maumivu na CK iliyopanda, wengine udhaifu unaokuja polepole bila kelele. Mara chache zaidi inaguswa neva inayoshuka kutoka shingoni kwenda kwenye kiwambo, hapo upande mmoja wa kiwambo unakaa juu kuliko kawaida na hata picha ya kifua inaweza kuonyesha.

Ugumu uko hapa, tiba za hawa wawili zinapingana. Kama ni steroidi unashusha steroidi, kama ni sarkoidosi kwenye misuli ukishusha kiholela unaipa uwanja. Nitakachokiangalia mimi kwanza ni tarehe: udhaifu ulianza kabla ya vidonge au baada? Wewe unasema kikohozi kimeisha, picha imesafika, yaani ugonjwa umetulia huku kuhema kunabaki, na juu yake umenenepa, na nina hakika hata uso umejaa, hayo yote yanaelekeza kidole kwa dawa. Kwa mtu kama wewe mara nyingi njia ya kujua ni kushusha dozi kwa mpangilio huku unapimwa, misuli iliyoliwa na steroidi hurudi ndani ya wiki hadi miezi, na kama badala ya kurudi inazidi kulegea, au kikohozi kinarudi, au CK imepanda, basi ndo tunaingia kwenye MRI ya misuli na pengine kukata kinyama.

Kwa hiyo swali lako la kuacha dawa: usiache mwenyewe, tafadhali sana. Baada ya miezi mitano tezi zako za juu ya figo zimelala, haziko tayari kutengeneza ile homoni ambayo kidonge kilikuwa kinaiziba nafasi, ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kutapika, presha kuanguka, na watu wamekufa kwa hilo. Kushusha ndiyo, kukata hapana, na kushusha ni kwa ratiba ya daktari sio ya shoga yako aliyewahi kutumia.

Kuna mshukiwa wa tatu ambaye hajulikani sana na huku kwetu anapita mlango wa nyuma. Ukitumia steroidi muda mrefu kuna mtu atakwambia unywe kalsiamu na vitamini D kulinda mifupa, ushauri mzuri kwa wengi, lakini kwenye sarkoidosi zile granuloma zenyewe zinageuza vitamini D kuwa ile yenye nguvu bila mwili kuzizuia, kalsiamu ya damu inapanda, na kalsiamu ikipanda misuli inalegea, unapata kiu, choo kigumu, kukojoa sana, figo zinaumia. Kama kuna kopo kama hilo kabatini lisimamishe kwanza mpaka upimwe kalsiamu. Kiu na mkojo mwingi pia vinaweza kuwa sukari iliyoletwa na prednisoloni, kwa hiyo pimeni vyote siku moja, na kipimo cha potasiamu mkiongeze hapo hapo.

Na tusiifanye misuli kuwa jibu la kila kitu. Sarkoidosi inaweza kushika moyo, kwa hiyo kama kuna mapigo yanayoruka au umewahi kuzimia unahitaji ECG (kipimo cha umeme wa moyo), eko ya moyo (altrasaundi yake) na pengine ile mashine ya kuvaa masaa 24. Presha ya mishipa ya mapafu nayo inaleta kuhema na miguu kuvimba. Damu pungufu, thairoidi, kukoroma na kukatika pumzi usingizini kwa aliyenenepa, vyote viangaliwe. Na TB usiisahau eti kwa sababu mara ya kwanza haikuwa yenyewe, uko kwenye steroidi na unaishi nchi yenye TB nyingi, homa za jioni na jasho la usiku vikija makohozi yapimwe tena.

Vipimo vya kuomba vya misuli ni viwili vitatu tu na sio vya ajabu. Cha kwanza ni ile ile mashine ya kupuliza, wakupime umekaa afu wakupime umelala chali. Kwa kawaida FVC inashuka kidogo ukilala, chini ya asilimia 10 hivi, ikishuka zaidi ya 25 au 30 kiwambo kina kesi ya kujibu. Nakipenda hiki maana popote penye mashine na kitanda kinafanyika, ni kwamba tu hakuna anayekiomba. Cha pili ni kupima nguvu ya kuvuta: unatoa hewa yote, unavuta kwa nguvu zako zote kwenye bomba lililozibwa, mashine inasoma kwa sentimita za maji. Ukifikisha 80 udhaifu mkubwa hauna uwezekano, wanawake wengi wazima wako chini kidogo ya hapo, kwa hiyo asikutishe mtu na namba moja, na urudie mara kadhaa wachukue iliyo bora maana mara ya kwanza kila mtu anakosea. Kifaa hiki hakipo kila mahali, piga simu kliniki ya kifua ya hospitali ya rufaa uulize kabla hujapanda basi. Cha tatu ni altrasaundi ya kiwambo, mpimaji anaangalia kinavyonenepa na kushuka ukivuta hewa, rahisi na haina mionzi.

Nyumbani unaweza kufanya kitu kimoja. Lala chali kwa dakika mbili tu, mtu akuangalie tumbo. Ukivuta hewa tumbo linatakiwa kupanda. Likizama ndani wakati kifua kinapanda, hiyo ni dalili ya kiwambo dhaifu sana na usisubiri miadi ya mwezi ujao. Kuna pia kile cha kuhesabu kwa sauti kwa pumzi moja, ila namba za mtandaoni ni za Wazungu wanaohesabu haraka, sisi mtu akifika ishirini na saba ameshatumia pumzi ya kutosha, kwa hiyo jilinganishe na wewe mwenyewe wiki kwa wiki usijilinganishe na mtu.

Haya, kidude. Jibu ni kwamba kinaweza kusaidia, lakini kuna vidude vitatu watu wanavichanganya. Kile cha mipira mitatu inayopanda ukivuta, kilichojaa maduka ya dawa tangu kipindi cha korona, kinakufundisha kuvuta pumzi ndefu, hakijengi nguvu. Kupuliza maputo au glavu kunafanyisha kazi misuli ya kutoa hewa, na yako ninayoishuku ni ya kuvuta. Kinachojenga nguvu ni kile chenye springi unayoweza kuikaza, hewa haiingii mpaka uvute kwa nguvu uliyoipanga. Uturuki walikijaribu kwa wagonjwa wa sarkoidosi, majibu yakatoka 2016, mazoezi ya wiki 6 kila siku, nguvu ya misuli ikaongezeka, kuhema na uchovu vikapungua. Ni utafiti mdogo, siwezi kukuahidi muujiza, lakini ndio tulionao na mantiki yake iko sawa. Tunaanza kwenye asilimia 30 hadi 40 ya nguvu yako ya kuvuta, robo saa asubuhi robo saa jioni, unapumzika ukichoka. Ndo maana nasema upimwe kwanza, bila kipimo utakaza kwa kubahatisha. Na usikiguse kama umewahi kutoboka pafu, kama una makovu yenye matundu kwenye mapafu, kama presha ya mishipa ya mapafu iko juu, au sikio limepasuka karibuni. Kujifukiza nyungu sina ugomvi nako kama kunakufurahisha, ila msuli haujengwi na mvuke.

Kidude peke yake hakitoshi lakini. Mapaja yakiwa dhaifu yanachosha pumzi haraka, kwa hiyo mtu wa fizio akupangie kutembea, kusimama na kukaa kwenye kiti seti chache kila siku, na chakula kiwe na dagaa, mayai, maharage, sio ugali na chai tu, misuli haijengwi hewani. Nguo anika kwenye kamba ya chini ya usawa wa bega au umekaa. Ukihema egemea meza na viwiko mbele, na feni ndogo ikupige usoni, inaonekana kama mchezo ila inapunguza kweli ile hali ya kukosa hewa.

Upande wa dawa, uliza kuhusu kuongezewa methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga ya mwili, ili prednisoloni ishuke bila ugonjwa kuamka. Uholanzi walilinganisha wagonjwa wapya 138 wa sarkoidosi ya mapafu, wengine wakaanza na steroidi wengine na methotreksati, majibu yamechapishwa 2025, baada ya wiki 24 methotreksati haikuwa nyuma kwenye FVC. Ina yake: kichefuchefu, uchovu, ini lazima lipimwe pamoja na damu, inanywewa mara moja kwa wiki tu na sio kila siku (hapa watu wameumia vibaya), unapewa na asidi ya foliki, na mimba ni marufuku kabisa ukiwa nayo, kwa hiyo kwa miaka 43 hilo mliongee bila aibu.

Usisubiri kliniki, nenda dharura siku hiyo hiyo ukiona unashindwa kumaliza sentensi, au hulali kabisa ila umekaa, au unaamka na kichwa kizito na usingizi mchana kutwa maana kaboni dayoksaidi inaweza kuwa imejaa, au sauti inafifia na chakula kinakupalia, au midomo imebadilika rangi, au umezimia. Na ukifika waambie unashuku misuli, maana mtu wa hivyo akiwekewa oksijeni tu bila kuangaliwa kaboni dayoksaidi anaweza kuzidi kusinzia, anachohitaji mara nyingi ni mashine ya kumsukumia hewa kwa barakoa.

Ramadhani: mwaka huu, kwa hali uliyoeleza, mimi ningekwambia usubiri. Prednisoloni ya mara moja kwa siku inaweza kunywewa wakati wa daku kwa mtu aliyetulia, hilo sio tatizo, tatizo ni kwamba utakuwa unashushiwa dozi, tezi zimelala, sukari hatujui ikoje, na misuli inahitaji chakula mchana. Mgonjwa ana ruhusa yake, utalipa siku nyingine. Kama bado moyo unataka sana, pima sukari na kalsiamu kwanza, ongea na daktari wako kabla ya mwezi kuandama, na siku utakayotapika au kuona kizunguzungu fungulia hapo hapo, na usiruke kidonge.